Kwato, Nyota na Merikebu: Ishara na Hali katika Mchoro wa Titian

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, jibu linalonichosha zaidi ninaposahihisha swali la ushairi ni hili: "Usiku ni ishara ya uovu, kwa hivyo toni ni ya huzuni." Aliyeandika hivyo amekariri orodha: giza ni uovu, nyoka ni adui, ua ni upendo. Shairi lenyewe hajalisoma. Hapa Matungu niliwapokonya Kidato cha Tatu orodha hiyo kwa kipindi kimoja, nikawapa picha.

Ilikuwa nakala ya "Bacchus na Ariadne", mchoro alioufanya Titian wa Venice kati ya 1520 na 1523, ambao sasa umo National Gallery, London. Kisa ni cha Wagiriki wa kale. Ariadne alimsaidia Theseus kumwua Minotaur, kiumbe mwenye kichwa cha fahali. Wakatoroka pamoja, kisha Theseus akamwacha kisiwani Naxos. Hapo ndipo Bacchus, mungu wa mvinyo, anapomkuta.

Darasa liliona kwanza kwato za mbuzi kwenye miguu ya watu, mwanamume aliyezongwa na nyoka, na kichwa cha ndama kikiburutwa. "Mashetani, mwalimu! Hali ni ya kuogofya." (Toni ni ya msemaji; hali ni hisia inayotanda katika kazi nzima. Aghalabu tunazichanganya, walimu tukiwemo.) Nikauliza: kichwa hicho kinaburutwa na nani? Na mtoto! Anatutazama bila wasiwasi, kijibwa kikimbwekea. Nyuma yake kuna matuazi, matari, na mzee mlevi juu ya punda. Msafara huu ni wa sherehe. Hata George Lilanga wa Tanzania (1934–2005) alichora mashetani wenye masikio makubwa ambao huchekesha kuliko kutisha. Kwato peke yake haikuambii kitu. Tazama mwenye kwato anafanya nini.

"Basi hali ni ya furaha," wakakata shauri. Haraka mno. Msichana mmoja aliyekaa nyuma ndiye aliyeona, mbali baharini upande wa kushoto, tanga dogo kuliko ukucha. Ni merikebu ya Theseus. Kwangu mimi hiyo ndiyo ishara nzito kuliko zote mchoroni, na iko pembeni. Mkono wa Ariadne ungali umeelekea huko, ilhali uso umemgeukia Bacchus, anayeruka kutoka katika gari linalovutwa na duma wawili. Mwili mmoja unabeba hisia mbili. Wako wanaosema ameshapenda. Mimi naona bado ameshtuka.

Juu yake angani, mchana kweupe, zinang'aa nyota nane: ndilo taji lake, ambalo Bacchus atalirusha mbinguni. Orodha ingesema nyota ni matumaini. Sawa, lakini jibu hilo ni pungufu, kwa sababu Ariadne hatazami juu. Ni matumaini tunayoyaona sisi watazamaji, yeye hayaoni, na pengo hilo ndilo linaloipa picha nzima wasiwasi wake.

Siku iliyofuata tulirudi kwenye shairi. Msemaji wake alikuwa kibarua wa shambani. Yule msichana wa nyuma akauliza kama usiku wa shairi lile hauwezi kuwa faraja, maana kibarua alikuwa akisubiri jua lizame apate kuketi.