Sanduku la Lushoto katika Kadi ya Anwani

Kadi ya anwani ndani ya programu ya barua pepe kama Thunderbird ni matini fupi yenye umbo kali, na fikra zake huonekana katika mpangilio kabla ya kuonekana katika maneno. Tuchukue kadi ya ofisi ya Lushoto iliyohifadhiwa kwa muundo wa vCard, tuziondoe tarakimu za sanduku, kisha tuusome mstari wake wa anwani:

ADR:S.L.P.;;;Lushoto;Tanga;;Tanzania

Nuktamkato sita zinatenga vijenzi saba, na nafasi tupu huhesabiwa sawa na iliyojaa, kama mizani katika shairi. Futa nuktamkato moja tu mbele ya Lushoto: mji unageuka mtaa, Tanga inashika nafasi ya mji, na Tanzania inaangukia kwenye postikodi. Neno halikubadilika hata moja. Kilichovunjika ni umbo, na maana imevunjika nalo.

Kijenzi cha kwanza ni sanduku la posta, na uteuzi huo unaifaa sana Usambara, milima uliko mji wa Lushoto, ambako sanduku moja la shule, usharika au ofisi limepokea barua za watu wengi wa Soni, Mlalo au Mtae. Sanduku halisemi mtu analala wapi. Linaeleza anafikiwa kupitia kwa nani. Hata hivyo, toleo la 4.0 la vCard, la mwaka 2011, linashauri vijenzi viwili vya kwanza viachwe vitupu, kwa kuwa programu mbalimbali zilishindwa kuvisoma kwa namna moja. Sababu ni ya kiufundi na ina uzito, lakini athari yake ni kwamba nafasi iliyotufaa zaidi ndiyo iliyonyamazishwa.

Toleo hilohilo, kwa upande wa jina, lilipanua mlango. Toleo la 3.0 la mwaka 1998 lilidai jina kamili, FN, pamoja na jina lililokatwa vipande, N, ambalo huanza na la ukoo. Toleo la 2011 linadai FN peke yake. Mama Fulani wa Soni sasa anaingia katika kitabu cha anwani akiwa mzima, jinsi anavyoitwa, bila kulazimishwa kuwa na jina la ukoo.

Thunderbird huongeza tabaka jingine kwa kutenga vitabu viwili: kimoja cha anwani binafsi, kingine cha anwani ambazo programu huzikusanya yenyewe kutoka kwa watu tuliowaandikia. Kadi iliyokusanywa kwa kawaida ina jina na barua pepe tu, haina mahali. Kuihamishia kitabu cha kwanza na kuijaza ni kazi ya uhariri kamili, na ndipo mtu anapopata Lushoto yake.

Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nafasi zilizokuwa tupu za mtaa na postikodi zina cha kubeba. Mhariri mwema hatalifuta sanduku kwa sababu hiyo, maana barabara na sanduku hujibu maswali mawili tofauti. Muundo unaruhusu kijenzi kimoja kubeba thamani kadhaa zilizotengwa kwa mkato; basi sanduku liandikwe kando ya jina la barabara, ndani ya kijenzi cha mtaa. Hapo sharti la umbo linatimizwa, na njia ya kumfikia mtu inabaki kamili.