Chini ya paa la Risdalsheia

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maziwa mengi ya kusini mwa Norwei yalikuwa yamepoteza samaki aina ya trauti. Mvua ilikuwa na tindikali, na salfa yake ilitoka kwenye moshi wa Uingereza na Ulaya bara. Waliotakiwa kugharamia usafishaji wa moshi huo waliuliza: tukiupunguza, maji yatapona?

Mwaka 1984, watafiti waliezeka paa linalopitisha mwanga juu ya mteremko wa mita za mraba 860 huko Risdalsheia, katika eneo hilohilo la kusini. Mvua ilikingwa, ikapitishwa kwenye chujio la kunasa ayoni, ikarudishiwa chumvi ya bahari kwa kiwango cha kawaida, kisha ikanyunyizwa chini ya paa. Majira ya baridi walitengeneza theluji safi kwa mashine. Ninachokisifu zaidi ni paa la pili, pale jirani, ambako mvua ya tindikali ilinyunyizwa vilevile ilivyoanguka. Bila hilo, mtu angedai kuwa mabadiliko yameletwa na paa lenyewe.

Katika maji yaliyotiririka kutoka chini ya paa la kwanza, naitreti ilishuka upesi. Salfeti ilikawia, kwani udongo ulikuwa na akiba yake. Lakini pH, katika miaka ya kwanza, ilisogea kidogo mno, na aliyeitazama hiyo tu angesema kazi imekwenda bure.

Haikwenda bure hata kidogo. Salfeti ina chaji hasi, na haitoki kwenye udongo bila kuondoka na chaji chanya: kalsiamu, magnesiamu, alumini, hidrojeni. Ikipungua, hizo zote hupungua pamoja, hivyo nafuu inayoonekana kwenye pH ni sehemu tu ya nafuu yenyewe. Tena tindikali za asili, zitokazo kwenye mimea iliyooza, huachia hidrojeni zaidi kadiri ile ya salfa inavyoondoka. Kipimo cha haki ni uwezo wa maji kuzima tindikali, na huo ulikuwa ukipanda.

Mkataba wa Helsinki wa 1985 ulidai salfa ipunguzwe kwa asilimia 30, na mingine ikafuata. Maziwa yenyewe yakapita njia ileile: salfeti mbele, pH nyuma, na mengi yakageuka rangi ya chai kwa tindikali hizo za mimea iliyooza. Kalsiamu iliyosombwa kwa miongo hurudi kwa kasi ya mwamba kumeng'enyuka, na granaiti ya huko humeng'enyuka taratibu mno. Ndiyo maana mito kadhaa ya samoni nchini humo imeendelea kutiwa unga wa chokaa, miaka mingi baada ya mvua kusafika.