Mbona Umemzima Mtoto?

Mama alishika simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akauliza: "Mbona umemzima mtoto?"

Ilikuwa picha niliyojivunia. Binti yangu, miaka 4, amesimama upande mbele ya dirisha jioni, mweusi tititi, na nyuma yake mwanga mtupu. Nilifuata maelekezo yale yale yanayozunguka mtandaoni: zima taa za ndani, zima fleshi, gusa sehemu ya dirisha kwenye skrini, shusha mwangaza hadi uso upotee. Tena nikamfunga kitambaa kichwani ili mstari wa kichwa uwe safi. Wazazi wa rika langu tunazipenda picha hizi za kivuli kwa sababu mbili: zinapendeza ukutani, na unaweza kuziposti bila kuanika uso wa mtoto. Lakini swali la Mama lilinikaa.

Lazima ujue kwamba kuna picha moja tu ya darasa langu la nasari. Mama aliilipia. Mpiga picha alitupanga dirisha likiwa nyuma yetu, na sisi wa mstari wa mwisho tukatoka meno na kola tu. Wageni wakija, Mama huweka kidole: "Huyu hapa." Wageni huitikia kwa heshima. Kwa hivyo kwake, mtoto asiyeonekana uso si sanaa. Ni kazi mbovu iliyolipiwa.

Nikaanza kuitazama upya hii sanaa tunayoiona tamu na isiyo na madhara. Jina lake la Kizungu, silueti, limetoka kwa Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759, aliyebana matumizi mpaka watu wakaligeuza jina lake mzaha kwa chochote cha bei rahisi. Kabla ya kamera, asiyeweza kumlipa mchoraji alikatiwa uso wake wa upande kwenye karatasi. Hiyo ni poa. Ilikuwa picha ya watu wa kawaida.

Shida ni kwamba enzi hizo hizo, mchungaji wa Uswisi, Johann Kaspar Lavater, alifundisha kwamba tabia ya mtu husomeka kwenye mstari wa paji, pua na kidevu. Kivuli kikawa kipimo. Na ukishaanza kupima pua za watu, unajua ni pua za nani zitakazofeli.

Huko Philadelphia, mwaka 1802, mashine ya kufuatisha nyuso iliwekwa kwenye jumba la makumbusho la Charles Willson Peale. Aliyeiendesha ni Moses Williams, mtu mweusi aliyekulia utumwani katika nyumba ya huyo huyo Peale, akapata uhuru wake wakati huo. Alikata maelfu ya nyuso. Karatasi nyeupe ilikunjwa, kichwa kikakatwa katikati na kuanguka, kisha karatasi ikalazwa juu ya kitu cheusi. Yaani picha yenyewe ni shimo. Wazungu walipanga foleni, mtu mweusi akawakata, wakaondoka wakiwa weusi.

Kimebaki kivuli kimoja chenye jina la Williams mwenyewe. Mwanahistoria wa sanaa Gwendolyn DuBois Shaw aligundua kwamba mkasi haukufuata alama ya mashine kila mahali: nywele zimerefushwa. Mtu alisafisha mstari. Niliposoma hapo nikakumbuka kitambaa nilichomfunga mtoto wangu.

Kara Walker, msanii wa Marekani aliyevuma mwaka 1994, amejenga kazi yake juu ya jeraha hili. Hubandika ukutani watu wakubwa wa karatasi nyeusi, kwenye visa vya utumwa. Wote ni weusi kwa rangi, mabwana na watumwa, lakini wewe mtazamaji unawatenganisha mara moja kwa midomo, nywele na sketi. Hapo ndipo anakunasa. Karatasi haikusema nani ni nani. Ulikuja na majibu yako.

Basi tuache kuwapiga watoto picha hizi? Sidhani. Ninachokataa ni ule ushauri wa "mstari safi", manake usafi huo una historia, na pia unatoa picha mbovu. Kivuli hakina macho wala tabasamu. Kimebaki na ukingo tu. Ukiusafisha ukingo, umemfuta mtoto mara mbili. Hata hoja ya usalama ni nusu tu: uso umefichika, sawa, lakini caption yako imetaja jina, umri na mtaa.

Wiki iliyofuata nilirudia. Dirisha lile lile, saa ile ile, bila kitambaa. Nywele zake zilikuwa vifundo viwili, kimoja kimelegea na kuinama kama sikio la mbuzi. Alikuwa na chapati mkononi, na nikamwacha nayo. Nilipomwambia asimame wima alitoa ulimi. Nikabonyeza.

Kama picha, ile ya kwanza imepangika zaidi. Ya pili imeinama, chapati imeziba nusu ya kifua, na ncha ya ulimi ni kijidoa tu. Lakini hakuna mtoto mwingine angeweza kuingia kwenye umbo lile.

Nilimpa Mama simu bila kusema neno. Hakuisogeza mbali. Alicheka: "Huyu ni yeye kabisa. Na nywele umemwacha aende hivyo?"

Kisha akanirudishia simu. "Sasa ya uso iko wapi?"

Nimechapisha zote mbili. Ya kivuli iko ukutani kwangu. Ya uso, dirisha likiwa nyuma yangu safari hii, iko kwa Mama, kando ya ile ya nasari.