Vifungo vya Suti Nyeusi

Hapa Mayoni mpiga picha hupimwa kwa macho kabla picha zake hazijaonekana. Ukishuka kwenye bodaboda na kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, hakuna anayebishana nawe bei. Mimi nilikwenda arusini na kikamera cha mfukoni, na mjomba wa bibi harusi akaniuliza mbele ya wakwe, "Kijana, kamera yenyewe umeiacha wapi?"

Kinachofaa kuulizwa kwanza ni ukubwa wa kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Mafundi hukiita sensa, siyo ile ya kuhesabu watu. Katika kamera za fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichoenezwa na Leica ya filamu tangu 1925. Kamera ya mfukoni Sony RX100 ya mwaka 2012, yenye gramu 240 tu, ina 13.2 kwa 8.8, vibamba vyake saba havijazi kimoja cha fremu kamili. Vya simu nyingi ni vidogo zaidi. Sufuria pana hukinga maji mengi mvua ya alasiri ikinyesha, na kibamba nacho ni hivyo hivyo kwa mwanga.

Ila sufuria pana hutaka kifuniko kipana. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8 huwa na kama kilo moja hadi moja na nusu, na hapo kamera yenyewe hujaibeba. Watengenezaji wameondoa kioo cha ndani na kuupunguza mwili wa kamera, lakini lenzi bado ni nzito. Kwa hiyo muuzaji akikusifia wepesi wa fremu kamili, mwambie aifunge lenzi kwanza, ndipo uipime mkononi.

Megapikseli zisikubabaishe. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, hutaka mbili na ushei. Ya ukutani, 30 kwa 45, hutaka kama 19.

Sasa jaribio. Mweke bwana harusi mwenye suti nyeusi kando ya shela jeupe, nje, saa saba mchana. Kamera nzuri itakuonyesha ukingo wa kola na nyuzi za shela katika picha ileile. Dhaifu itachagua moja na kuitupa nyingine. Kisha ngoja jioni, uingie chini ya mabati palipo na balbu moja. Usitazame uso ulioelekea taa. Tazama shavu la upande wa giza. Ngozi yetu nyeusi ndiyo mtihani wenyewe: kibamba kidogo kikizidiwa, kivuli hujaa chengachenga za kijani na zambarau. Simu huzificha kwa kulainisha, na shangazi wa miaka sabini anatoka uso umepigwa pasi. Kagua pia ukingo wa nywele na hereni, maana ukungu wa nyuma unaotengenezwa na simu hupenda kuvila. Mpiga ngoma usiku je? Simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mkono wa mtu huyo unaweza kutoka mara mbili.

Pamoja na hayo, kamera ndogo ina mahali pake, nami siioni haya. Matangani kidude kikubwa huwafanya wafiwa wageuke na kujipanga, na picha ya mtu aliyejipanga kulia haina thamani kwangu. Tena ukirudi kwa boda nyuma ya trekta la miwa, vumbi jekundu likikufuata, utashukuru kwamba mzigo wako unaingia chini ya koti. Ila kesha la usiku nabeba kubwa bila kulalamika.

Yule mjomba nilimpelekea picha zake baada ya wiki. Za mchana alizishika moja moja akitikisa kichwa kwa furaha. Ya jioni nilikuwa nimeipigia nyuma ya umati, lenzi nimeivuta hadi mwisho, na kikamera changu kikivutwa hivyo tundu husinyaa kutoka f/1.8 hadi f/4.9, mwanga unaobaki haufiki hata sehemu moja kwa saba. Mjomba aliisogeza dirishani, akaweka kidole kwenye kifua cha bwana harusi.

"Hii suti ilikuwa na vifungo," akasema. "Viko wapi?"