Soga za Wasanifu Majengo

Msanifu majengo hufanya kazi yake katika upweke, kisha huhukumiwa hadharani. Akiwa mezani na ramani yake hana wa kumsemesha. Jengo likishasimama, kila apitaye njiani ni hakimu. Kati ya upweke huo na hukumu hiyo pana pengo kubwa, na wasanifu wa nchi nyingi wamejaribu kuliziba kwa kukutana: mara kwenye karamu za chama, mara chuoni, mara kwenye meza ya kahawa. Miongoni mwa mikutano ya namna hiyo iliyobuniwa karne hii, uliovuma sana ni ule uitwao PechaKucha. Nataka kuupima hapa kama mtu apimavyo kitabu au mchezo wa kuigiza, kwa kuwa nao umetungwa na watu, una umbo lake, na umbo hilo lina mema na mabaya.

Waliouanzisha ni wasanifu wawili, Astrid Klein na Mark Dytham. Walikwenda Japani mwaka 1988 baada ya masomo yao London, wakafanya kazi kwa Toyo Ito, kisha wakafungua ofisi yao Tokyo mwaka 1991. Mwezi Februari 2003 waliwaalika vijana wa fani za usanifu kwenye ukumbi wa SuperDeluxe, katika eneo la Roppongi, waje wajuane na kuonyeshana kazi. Kanuni yao ni nyepesi. Kila msemaji ana picha 20, na kila picha hukaa ukutani sekunde 20. Picha hubadilika zenyewe. Zikikukuta katikati ya sentensi, shauri yako. Jumla yake ni dakika 6 na sekunde 40. Jina lenyewe ni neno la Kijapani linaloiga sauti ya watu wanaopiga soga. Kutoka ukumbi ule soga hizo zilienea hadi miji zaidi ya 1,000, na hata SuperDeluxe ilipofungwa mwaka 2019 hazikukoma.

Sababu ya kanuni hiyo haikufichwa. Waasisi walijua kwamba msanifu akishapewa kipaza sauti na mashine ya picha, hana breki. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kwanza wa mkutano huu: saa haijui cheo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mwenye ofisi ya watu hamsini hupewa dakika zile zile. Kwetu sisi, tuliolelewa na mikutano yenye meza kuu, mgeni rasmi na salamu za utangulizi zinazomaliza nusu saa kabla neno lolote halijasemwa, jambo hili si dogo. Kijana asiye na mjomba wizarani wala rafiki katika bodi husimama, huonyesha alichonacho, na wakati wa mapumziko mtu humfuata kumuuliza anafanya kazi wapi. Katika fani ambayo kazi nyingi hupatikana kwa kujuana, kuwapa wasiojulikana nafasi ya kujulikana ni haki.

Uzuri wa pili ni huo wa mapumziko. Kwa maoni yangu hotuba ni kisingizio tu, na mkutano wenyewe uko pale watu wanaposimama na vinywaji vyao mkononi. Aliyeonyesha kiti alichokibuni huongea na aliyeonyesha shule. Mpiga picha humkuta mchapaji. Hotuba fupi humwachia msikilizaji njaa, naye huenda kuitafuta shibe kwa mwenye hotuba.

Lakini umbo hilo hilo lina kasoro, na kasoro hizo zinatokana na kile kinacholifanya lipendeze. Sekunde 20 zinatosha kuusifia uso wa nyumba uliopigwa picha jua linapozama. Hazitoshi kueleza kwa nini chumba cha kulala hakikaliki saa nane mchana, maji ya mvua yanakwenda wapi, makisio ya gharama yalikuwa kiasi gani na mwenye nyumba alilipa kiasi gani mwishowe. Jengo ni kitu cha kukaliwa miaka. Picha ni kitu cha kutazamwa. Katika mikusanyiko ya aina hii niliyohudhuria nimeshangilia kazi ambazo, nilipofika nyumbani, sikuweza kusema zimejengwa kwa nini. Na kwa kuwa ratiba haina nafasi ya maswali, hakuna aliyeinua mkono kuuliza.

Kwa hiyo mkutano huwa wa sifa tupu. Kila mtu huleta picha zake 20 zilizo bora, na hakuna mtu mwenye kazi bora tupu. Ufa, paa lililovuja, ngazi ambayo wazee hawawezi kuipanda, yote hayo huachwa ofisini. Gharama ya ukimya wa namna hiyo si ya kuchezea. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa zilizozidi 10 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Sisemi kwamba jioni ya picha na vinywaji ingeliokoa jengo lolote. Nasema kwamba fani inayokutana kupongezana tu haijizoezi kuambiana ukweli, na siku ukweli utakapohitajika ulimi utakuwa mzito.

Hapa mtu wa pwani hawezi kuacha kulikumbuka baraza. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu waliweka viti vya mawe kwenye kuta za nje za nyumba, na Lamu wakaviweka pia ndani ya daka mlangoni. Walichora mahali pa soga katika nyumba yenyewe. Soga ya barazani haina saa, na kwa hiyo ina porojo nyingi. Lakini ina majibu. Ukisema neno, aliyekaa mkabala hulipinga papo hapo, na wapo pale fundi, mwenye nyumba na jirani anayezibiwa upepo na ukuta mpya. Kwenye soga za Tokyo wasanifu huongea wao kwa wao. Barazani, anayekaa ndani ya jengo naye ana kauli.

Ningekuwa mwenye kuandaa, saa nisingeiondoa, maana haba yake ndiyo adabu yake. Ningeongeza masharti mawili. Kwanza, picha ya 20 iwe ya kitu kilichoharibika, na msemaji aeleze kimeharibikaje. Pili, kila jioni angalau msemaji mmoja awe fundi au mpangaji, mtu aliyelijenga jengo au anayelala ndani yake, apewe zile zile dakika 6 na sekunde 40. Makofi huenda yakapungua. Ila kijana atakayetoka pale atakuwa amejuana na watu, na pia amejua jambo la kumsaidia kesho asubuhi atakapoinama tena juu ya ramani yake.