Itazame Kabla ya Lipu

Mgeni akikaribishwa kwenye nyumba mpya Kigamboni, macho yake hupanda juu kwanza. Dari la jipsamu lina ngazi tatu, taa za mkanda zinabadili rangi, ukuta wa televisheni umebandikwa mapambo ya mfano wa mawe. Anashuka kwenye vigae vinavyong'aa, anafungua makabati ya jikoni, anapiga picha, kisha anamgeukia mwenye nyumba: "Shemeji, hapa mmejenga." Katika nyumba moja ya aina hiyo sifa zilimiminwa mchana kutwa, huku upande wa nje, juu ya dirisha la jikoni, mstari wa kahawia ukiwa umeipasua lipu kwa mlalo, mnyoofu kutoka ncha hadi ncha. Wageni waliupita wakienda kunawa mikono.

Sifa za namna hiyo zinaudhi kwa sababu zina malipo. Fundi aliyesifiwa kwa jipsamu hupata kazi nyingine kabla hajamaliza ile aliyo nayo. Anayechelewa kwa kuhangaika na lenta huambiwa anakula siku. Miaka ikipita, mji unajaa kazi za yule wa kwanza.

Nyumba hukaguliwa ikiwa boma. Lipu na rangi vikishaingia, kinachobaki ni kusikiliza maelezo ya mwenyewe. Anayejua huenda asubuhi, jua likiwa bado chini, akasimama ndani na kutazama viungo vya wima kati ya tofali na tofali. Mwanga ukipenya, huyo ni fundi anayetandaza udongo chini ya tofali na kuacha ubavuni, maana ubavuni kunachelewesha. Lipu itaficha, lakini msingi ukititia kidogo tu, nyufa zitapanda ngazi kwa ngazi kwa kufuata viungo hivyo. Kisha anavuta kamba kona kwa kona. Mishazari miwili ya chumba isipolingana, fundi hakupiga tatu-nne-tano, kipimo cha kona mraba, siku ya kuseti msingi, na mwenye nyumba ataligundua jambo hilo siku ya vigae, pale mstari wa pembeni utakapoanza na upana wa kiganja na kuishia na upana wa kidole.

Tofali la inchi sita linainuliwa hadi usawa wa kiuno na kuachiwa lianguke chini. Likikatika vipande viwili linasameheka. Likimwagika, shehena yote irudi ilikotoka. Fundi wa tofali anayetoa tofali 30 hivi kwa mfuko wa kilo 50 hulalamika kwamba hapati kitu. Kando ya barabara wako wanaotoa 45, hata 50, kwa mfuko huo huo, wakazianika juani siku mbili na kuzipakia kwenye kirikuu. Kona zake ni kali na zinapendeza machoni. Maji ndiyo hazikuyapata.

Na saruji yenyewe haikauki, ingawa kila mtu husema imekauka. Inakunywa maji na kujenga nguvu. Namba 32.5 au 42.5 kwenye mfuko hueleza nguvu inayopimwa baada ya siku 28, si baada ya usiku mmoja. Zege lililoachwa na jua tangu siku ya pili limekatishwa kazi yake njiani. Siku saba za kumwagilia asubuhi na jioni ndizo chache kuliko zote zinazokubalika, na kwenye slabu magunia yaliyolowa ni bora kuliko mpira wa maji unaopita mara moja na kuondoka.

Wajanja wa nondo nao wana mchezo wao. Nondo halali ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Zipo zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa na kilo nane na kitu, na kwa macho matupu hazitofautiani. Mkandarasi mmoja mdogo wa Mbagala alikuwa na dawa yake: alikodi mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, akapanga nondo tano mbele ya muuzaji, akamwonyesha namba, akanyamaza. Hakugombana na mtu. Mara nyingi shehena nyingine ilitolewa nyuma ya duka.

Hayo yote mtu mwenye bidii anajifunza kwa muda mfupi. Jambo linalowapita karibu wote, hata wale wanaoshinda saiti na daftari mkononi, ni nafasi iliyo chini ya nondo.

Mwenye nyumba huhesabu nondo. Anazikuta nne kwenye lenta, ringi zimepangwa kila sentimita 20, waya umefungwa vizuri, anaridhika na kwenda kutafuta hela ya kokoto. Hainami. Angeinama angeona nondo mbili za chini zimelala juu ya ubao, chuma kwenye mbao, bila hata nafasi ya kupitisha sarafu. Zege likimwagwa litazipita juu na ubavuni. Chini litaacha utando tu. Mbao zikibomolewa, chuma kiko usoni, na kinachokitenga na hewa ya nje ni lipu.

Kwenye lenta na slabu ya ndani nafasi hiyo isipungue sentimita 2.5. Kwenye nguzo iwe 4, kwenye msingi 5, na zege linapomwagwa juu ya udongo mtupu, 7.5. Kwa anayejenga jirani na bahari, iwe Tanga, Bagamoyo, Kigamboni, Mtwara au popote Unguja na Pemba, kila namba iongezwe, na asiyekubali kuongeza ahamie bara.

Sababu iko ndani ya saruji. Zege zuri lina alkali kali, pH yake hupita 12, na katika hali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba inayozuia kutu. Hewa ya ukaa huingia zegeni pole pole, mwaka hadi mwaka, ikiipunguza alkali kutoka nje kwenda ndani. Chumvi ina ukorofi zaidi: huitoboa ngozi hiyo hata alkali ikiwa bado ipo. Kwa hiyo unene wa zege juu ya chuma ni umri wa nyumba. Tena umri huo hauongezeki sawa kwa sawa, kwa kuwa ukaa hupungua kasi kadiri unavyozama: unene ukiwa mara mbili, muda wa kuifikia nondo huwa kama mara nne. Sentimita moja iliyoachwa kwa uvivu imeondoka na miaka mingi. Kutu ikishaanza, huchukua nafasi inayozidi mara mbili ya chuma ilichokila. Zege huvumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa, basi linapasuka kwa kufuata urefu wa nondo. Ufa wa msingi uliotitia hupinda na kukata kona. Ufa wa kutu huwa mnyoofu na huacha doa la kahawia. Anayeuona huo asimwite mpaka rangi.

Kinachozuia yote haya ni kipande cha zege kisichojaza kiganja, ambacho mafundi hukiita biskuti. Zege laini linatandazwa kwa unene unaotakiwa, linakatwa miraba kwa mwiko, kila mraba unachomekwa waya wa kufungia, kisha vinamwagiliwa na kukomaa kabla siku ya zege haijafika. Kazi ya saidia fundi mmoja, mchana mmoja. Kwa hiyo saiti isiyo na biskuti imepungukiwa na nia. Wavivu huweka kokoto, nayo inaponyoka mara tu miguu inapopita juu. Wengine huweka kipande cha tofali, kinachonyonya unyevu na kuupeleka moja kwa moja kwenye chuma. Kuna waliokutwa wameweka vipande vya nondo chini ya nondo, na huo ni mlango wa kutu uliowekwa kwa makusudi.

Ukimuuliza fundi wa namna hiyo, jibu lake ni moja, kuanzia Kibaha hadi Chanika: "Mama, usiwe na wasiwasi, tutainyanyua wakati wa kumwaga." Hainyanyuliwi. Zege likianza kumiminika, ndoo zinapokezanwa, mikisa inanguruma, watu 15 wanapiga kelele, na yule mwenye ndoano ya kunyanyulia yuko upande wa pili akitafuta koleo.

Familia yenye ule mstari wa kahawia ilijenga kama wengi wanavyojenga nchini: kiwanja kwanza, msingi mwaka uliofuata, boma likasimama misimu kadhaa ya mvua kwa kusubiri hela ya kupaua. Nondo za nguzo ziliachwa wazi juu, zikachukua kutu ambayo haikupigwa brashi kabla ya zege lililofuata. Maji ya kuchanganyia yalitoka kwenye kisima cha jirani, na mwenye kisima mwenyewe hakuyanywa kwa sababu ya chumvi. Mama wa nyumba alikuwepo siku ya lenta. Aliuliza kuhusu nondo zilizolala, akapewa jibu lile lile, akaenda kupika pilau la mafundi. Lawama ya kazi ile ni ya fundi aliyeulizwa swali sahihi na mtu asiyekuwa na taaluma, akalijibu kwa maneno matamu.

Ufa ulipojitokeza uliitiwa fundi wa lipu mara mbili. Kila mara alibandua, akapiga upya, akapaka rangi, na kila mara mvua za masika ziliurudisha. Hatimaye alikuja mtu aliyejua: akasimamisha mirunda chini ya lenta, akachonga zege hadi nyuma ya nondo, akasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, akaongeza nondo mpya pale iliyoliwa ilipokonda, ndipo akamwaga zege jipya lenye unene wa kutosha. Kazi hiyo iligharimu kuliko lenta yote ilipojengwa. Jipsamu ilibidi ikatwe.

Tanga alikuwako mzee, fundi wa zege, aliyetembea na kipande cha mninga kilichorandwa unene wa sentimita 2.5. Siku ya kumwaga alifika kabla ya wote, akapiga magoti kwenye mbao na kukipitisha chini ya kila nondo, moja baada ya nyingine. Kilipokwama, zege halikumwagwa, hata kama mikisa ya kukodi ilikuwa imeshawashwa na tajiri amesimama getini. Vijana walimwona msumbufu. Nyumba alizosimamia zinatambulika leo kwa kuwa hazina kiraka juu ya madirisha.

Anayetaka kuona zege la watu waliojali aende Kariakoo. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kukusanya mvua, na zege lake halikufichwa chini ya lipu. Moto wa Julai 2021 ulipopita, umbo hilo lilibaki limesimama. Zege lisilofichwa humlazimu fundi kuwa mkweli, na ni hasara kubwa kwamba wenye nyumba wa leo wanaliona kama kazi isiyokwisha.

Wazee wa Pwani walikuwa mbele zaidi. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake, na mjenzi aliuheshimu. Hakulazimisha sebule pana kuliko mti. Chokaa ilichomwa kwa matumbawe, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikomae muda mrefu kabla ya mtu kuigusa. Dari na sakafu za chokaa zilipigwa kwa vijiti siku kadhaa, watu wakiimba ili mapigo yalingane, mpaka tundu la hewa likaisha. Wakati ule subira ilikuwa sehemu ya bei ya nyumba, na mtu aliyekuwa na haraka alijenga ya makuti.

Mengine hayahitaji ubishi. Paa liwe na mteremko unaoonekana na upenu usiopungua sentimita 60. Haya mapaa yanayofichwa nyuma ya ukuta kwa jina la usasa hukusanya maji, majani na kinyesi cha ndege kwenye mfereji usiofikika, na ukuta hubaki bila kivuli. Nyumba ya Pwani isiyo na baraza haijakamilika. Mlango wa mbele uwe mninga. Rangi za nje zisizidi mbili, na moja yao iwe nyeupe.

Wanaoumizwa zaidi na nondo zilizolala ni wanaojenga wakiwa mbali, Muscat, London au Minnesota, wakituma hela kwa ndugu na kupokea picha. Picha hizo huwa za kuta zilizosimama na mafundi waliojipanga wakitabasamu. Waombe nyingine, kabla ya hela ya zege kutumwa: picha iliyopigwa kwa kuinama, kutoka ubavuni mwa lenta, futi kamba ikiwa imesimama kati ya ubao na nondo ya chini, namba zikisomeka. Waombe ya pili upande wa pili wa nyumba, maana fundi aliyezoea kukaguliwa huweka biskuti mbili pale kamera inapofika na kuacha nondo zilizobaki zimelala.