Nani Amsimulie Kijana?

Mwandishi atakaye kutunga riwaya juu ya vijana hukabiliwa na swali moja kabla hajaandika ukurasa wa kwanza: nani atakayesimulia? Wengi wa waandishi wetu wachanga hulijibu upesi. Humtia kijana "mimi" kinywani, wakidhani kuwa kwa kufanya hivyo ukweli umekwisha kupatikana. Tumesoma miswada ya namna hiyo, na mara nyingi tumemkuta msichana wa miaka 15 akinena kama mzee wa baraza, akiyapima makosa yake kwa mizani ambayo bado hajaishika. Sisi watunga mashairi tuna dhambi iyo hiyo, basi tusiwacheke sana.

Na tuitazame Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Humo anasimulia msimulizi wa nafsi ya tatu, aingiaye moyoni mwa baba na mwa binti pia. Twaona mwandishi alichagua vema. Rosa anapopigwa na Zakaria, baba yake, kwa sababu ya barua ya mvulana, yeye ajua maumivu na aibu tu. Hajui kuwa hofu iliyopandwa siku ile ndiyo itakayompotosha baadaye, atakapokuwa mbali na fimbo ya baba. Lazima awepo mwingine ajuaye. Wala "mimi" wa mtu mzima akumbukaye ujana wake asingewezekana hapa, kwani Rosa anajiua kabla hajaufikia umri wa kukumbuka.

Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na nafsi ya kwanza haichechemei. Lakini huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye maneno ya kuyataja mashaka yake.

Hata hivyo, msimulizi ajuaye yote ana hatari yake: huzoea kusema badala ya kijana. Huenda waliokiogopa kitabu cha Rosa walisikia habari za anguko, wasimsikie msichana. Mwishoni baba na binti wanashitakiana mbele ya Mungu, na Rosa anajitetea kwa kinywa chake mwenyewe. Yatuuma kwamba anapopata hatimaye baraza la kumjibu Zakaria, amekwisha kufa.